Kukata Shauri

Bi Nkwimba aliniletea samaki ndani ya ndoo ya rangi,
kutoka Mwaloni kwa bodaboda, maji yakimwagika Kirumba nzima.
"Huyu ni ngege," akasema. "Si sato. Mpimeni."
Wanunuzi walikuwa wamemcheka tangu alfajiri:
ngege aliisha, mama, sangara alimmaliza.

Nikakata kipezi, kipande kama ukucha wa kidole cha mwisho,
samaki akarudi kwenye ndoo akiwa hai na hasira.
Huo ndio mkasi pekee mtakaouona.

Visu vyenyewe viko kwenye friza,
vichupa vya vifuniko vya rangi,
kila kimoja kimebeba jina la bakteria aliyekifua.
Vimeng'enya. Havina mpini,
na kila kisu kinajua neno moja.

EcoRI anajua GAATTC.
Anatambaa juu ya uzi wa DNA:
GAATTA, anapita. GACTTC, anapita,
kama karani wa daftari la kura
asiyesamehe jina lililokosewa herufi.
Akilikuta neno lake, analikuta mara mbili:
uzi wa juu ukisomwa kwenda,
uzi wa chini ukisomwa kurudi, neno ni lile lile.
Na sisi tunayo maneno yanayosomeka huku na huku:
apa. ewe. ala.
(Ala ni nyumba ya kisu. Sikupanga mimi.)

Hukata kwa ngazi, G huku, AATT ikining'inia,
na ng'ambo vivyo hivyo,
mikia miwili inayotafutana kwenye maji.
SmaI hana huruma hiyo.
CCC, GGG, panga katikati,
ncha butu, hakuna cha kushikana tena.
Na wenzake wanataka joto la mwili,
yeye anataka la chumba, la Luchelele asubuhi.
NotI anasubiri herufi nane, hushinda akitembea bila kazi.
FokI husoma hapa akakata kule,
kama shangazi yangu: umbeya ausikie Igoma,
ugomvi akaufanyie Buhongwa.

Na bakteria, mwenye makali yote haya tumboni,
mbona hajichinji?
Amejichanja. Juu ya kila neno lake
ameweka chale ndogo; kisu kikifika
kinaiona, kinasema: wa nyumbani huyu.
Kirusi mgeni hana chale.

Alhamisi Bi Nkwimba akarudi kuchukua jibu.
Saa nane umeme ukakatika.
Tukakaa kwenye giza la chumba kisicho na dirisha
tukihesabu vinavyokatwa bila kisu:
tiketi, kiu, kona, tamaa, roho.
"Na shauri," akasema. Jenereta ikakohoa, ikawaka.

Kisu nilichomchagulia kinajua neno ambalo sato analo.
Pale pale ngege ana herufi moja tofauti.
Kwa hiyo sato hutoa mistari miwili mifupi,
ngege mmoja mrefu, mzima.

Nikawasha taa ya zambarau.
Mitatu.
Nikafuta miwani. Mitatu.
Mmoja mrefu, haukuguswa, na miwili mifupi chini yake.
Mzazi mmoja amekatika, mwingine amepita,
na kisu hakisemi nani ni baba.

"Chotara," nikamwambia.
Akainama juu ya mwanga ule muda mrefu
kuliko wanafunzi wanavyoinama.
"Kwa hiyo ngege alikuwepo. Si zamani sana."
"Alikuwepo."
"Akaoa kwa sato."
"Au akaolewa."

Samaki, akasema, yuko kwenye pipa nyumbani, anakula pumba.
Kama tunamtaka, tumnunue.
Nikamuuliza kwa bei ya sato au ya ngege.
Akafunga khanga, akatafuta viatu vyake mlangoni.
"Ya ngege," akasema.
"Ile nusu nyingine nawapa bure."